Fundi Hamad Mjaka, Aliyeifufua Mpewa Hapokonyeki

Alhamisi ya leo, tarehe 18 Disemba 1947, Fundi Hamad Mjaka anaweka chini patasi na nyundo baada ya kukitumikia Kiwanda cha Vyombo cha Mkoani kwa miaka ishirini na sita. Sisi wenzake tulikaa tukashauriana nani aandike maneno ya kumuaga, na shauri likaniangukia mimi, Jaribu Mwalim, mtunza stoo, kwa hoja kwamba mlango wa stoo ndio alioupita Hamad mara nyingi kuliko mlango mwengine wowote duniani. Sikuweza kubisha. Huingia akitaka kitu, na kabla sijainua kichwa, keshatoka nacho.

Alizaliwa Shumba Viamboni, kaskazini mwa Pemba, katika nyumba ya watu wa kulima muhogo na kutega samaki kwa madema. Mwaka 1921 alikuja Mkoani kutafuta kazi ya kubeba magogo. Mzee Mbarouk, mwenye kiwanda, alimwona uwanjani akishindwa kusimama pahala pamoja hata wakati anaulizwa jina lake, akasema mtu kama huyu ukimpa msumeno atajikata mkono. Mpeni kalafati, apigepige mpaka achoke. Mzee wetu bado yuhai, tunamshukuru Mungu, na bado anangoja achoke.

Kwa wageni wetu wa leo wasioijua kazi hii: kalafati ni kuziba nafasi iliyo baina ya ubao na ubao wa chombo kwa pamba iliyorowekwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo mpaka maji yakose njia. Kazi hiyo ikiwa nzuri, hapana anayeiona. Ikiwa mbaya, inajulikana na kila mtu.

Utulivu Hamad hakujaaliwa. Hula amesimama. Husikiliza mazungumzo huku anagonga kwa kifundo cha kidole kitu chochote cha mti kilicho karibu naye, iwe mlango, kinu au fimbo ya mtu, akisikiliza kama kimeoza ndani. Siku ya harusi ya binti yake, kitanda cha samadari cha bwana harusi kilipoletwa, Hamad aliingia chini yake na kanzu nyeupe, wageni wakingoja biriani, akatoka na vumbi kichwani akatangaza kwamba mguu mmoja umeliwa na wadudu. Mguu ule mpaka leo haujavunjika, na wajomba wa bwana harusi mpaka leo hawajasahau. Bi Tatu, mkewe, nilipomwuliza niandike nini, alinijibu, "Andika nimeolewa na upepo, Jaribu. Ukigeuka kumtilia uji, keshatoka."

Lakini humjui Hamad mpaka uijue mashua ya Mpewa Hapokonyeki. Wapo miongoni mwetu waliokuja kazini juzi, wanaoiona imefungwa ng'ambo pwani ya kisiwa cha Makoongwe, wakidhani ni chombo kama vyengine.

Iliundwa hapa hapa kiwandani mwaka 1922, kwa ajili ya Nahodha Kificho wa Makoongwe. Mkuku wake, lile gogo la chini linalobeba chombo kizima, ni mvule uliovushwa kutoka Mrima, pwani ya bara. Mbavu zake ni za mkoko, na mbao zake ni mfenesi uliopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni. Ilikuwa chombo cha kwanza Hamad kuachiwa akitie kalafati peke yake tokea mwanzo hadi mwisho. Jina lake lilitolewa na mke wa nahodha, Bi Mwanakhamis. Majirani walikuwa wakimcheka mumewe, kwamba mvuvi wa ngarawa leo anaagiza mashua. Bi Mwanakhamis akasema na wacheke, mpewa hapokonyeki. Maneno yale yakaandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni.

Kwa miaka kumi na sita mashua ile ilikwenda pasipoendeka kwa ngarawa, nje ya miamba, kwenye maji meusi ya nguru na papa. Ilibeba pia maharusi, na wagonjwa wa kuletwa hospitali, na mwaka mmoja ilibeba mbuzi wa Idi wa kisiwa kizima, mmoja wao akala ncha ya tanga. Kila mwaka ilirudi kwetu kutiwa kalafati upya na kupakwa deheni, ile chokaa iliyochanganywa na shahamu, tumbo zima mpaka ling'are. Kazi hiyo Hamad hakumwachia mtu. Yeye na Kificho walikuwa marafiki wa kugombana. Kificho husema mashua iko tayari, Hamad husema bado. Kificho husema samaki hawangoji, Hamad husema basi nenda ukawavue kwa miguu. Wakimaliza kugombana hula pamoja, mmoja amekaa na mmoja amesimama.

Mwaka 1938, mwezi mmoja tu baada ya kutoka mikononi mwa Hamad, Mpewa Hapokonyeki ilizama mchana kweupe mbele ya Makoongwe, watu wakiitazama kutoka pwani. Ilikuwa inarudi kutoka kuvua, tanga limejaa, bahari ina mawimbi. Mara ikalala upande. Mlingoti ukakatika ukamwangukia Nahodha Kificho. Wenzake wanne waliokolewa kwa ngarawa. Yeye alitolewa majini amekwisha fariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hapo likazuka swali. Kwamba mashua iligonga mwamba halikuwa na ubishi, kwa kuwa jeraha la jiwe lilionekana mkukuni. Lakini iligonga kwanza, ndipo ikajaa maji? Au ilijaa maji kwanza, ikawa nzito, ikakataa kugeuka, ndipo ikagonga? Ikiwa ni hivyo vya mwanzo, ni mkono wa nahodha au ni kudura tu. Ikiwa ni hivyo vya pili, ni kalafati ya Hamad. Watatu katika wale wanne walikuwa mbele wakihangaika na tanga, wakasema hawakutambua. Wa nne, Matano, alikuwa nyuma karibu na nahodha. Yeye alisema waziwazi msibani, watu wamejaa, "Maji yaliingia kwanza."

Hapana aliyemshitaki Hamad. Hapana hata aliyemtukana. Vyombo vya Makoongwe viliacha tu kuja kwake; vilipokuja kiwandani, wenyewe walimwomba Mzee Mbarouk awape fundi mwengine, kwa adabu, wakitazama pembeni.

Naye, aliyekuwa hatulii tokea zamani, sasa hakuwa na raha. Aliondoka kwenye sinia tonge limo mkononi. Alishuka pwani maji yakitoka, akaingiza vidole katika vyombo alivyovimaliza mwaka uliopita, na asipopendezwa akavifungua akavitia pamba mpya bila ya kuombwa, mpaka Mzee Mbarouk akalalamika kwamba pamba ya kiwanda inakwisha kwa vyombo visivyoumwa. Mimi nilimwuliza mara moja anatafuta nini. Akanijibu, "Natafuta nilipokosea." Nikamwuliza, je, kama hukukosea? Akasema, "Basi ntakuwa natafuta mpaka nife."

Vikaja vita. Mchele uliokuwa ukiletwa kutoka Bama ukakatika, tukala muhogo asubuhi na muhogo jioni, na wengine wetu tukaanza kuwaota samaki. Vyombo vikubwa vilichukuliwa kubebea mizigo. Makoongwe walibaki na ngarawa, na ngarawa haitoki nje ya miamba ikarudi na mzigo. Samaki wa ndani nao walivuliwa mpaka wakawa wadogo wa kutia huruma. Mpewa Hapokonyeki wakati huo ilikuwa imelala kwenye mikoko, pale ilipovutwa baada ya msiba, kaa wanaingia na kutoka ndani yake. Mwaka 1943 mchoma chokaa mmoja alimwendea Bi Mwanakhamis akitaka mbao zake ziwe kuni za tanuu.

Habari hiyo ilifika kiwandani saa ya chai. Hamad alikiweka kikombe juu ya meza yangu, akatoka. Nikamfuata, maana alikuwa ameondoka na nyundo ya stoo, na nikajikuta ndani ya ngarawa tunavuka Makoongwe, ambako hakukanyaga tangu siku ya maziko.

Bi Mwanakhamis alikuwa barazani anasokota kamba ya makumbi ya nazi yaliyoozeshwa matopeni, kazi iliyomlisha tangu alipofiwa. Hamad alipiga hodi akiwa bado uwanjani. Bibi alimtazama, asimwambie karibu.

"Umekuja kufanya nini, Hamad?"

"Nimekuja kuiombea mashua, Bi Mwanakhamis. Usimpe mchoma chokaa."

"Niiweke mpaka lini? Kila nikenda kufukua makumbi yangu matopeni naiona ile pale. Bora iungue."

"Nipe mie niifungue ubao kwa ubao, niitazame. Ikifaa ntaitengeneza, watu wapate kitoweo. Isipofaa ntaipasua mwenyewe niipeleke tanuuni."

"Uitazame nini?"

Hamad alihama mguu huu kwa mguu huu. "Nataka kujua kilomuua Kificho. Bahari, au mie."

Bi Mwanakhamis aliacha kusokota. Tulisikia kuku wa jirani wakiparura, na mimi nilitamani niwe pamoja nao.

"Basi sikiliza," akasema. "Utakachokiona, uje kunambia. Kiwe kibaya kwako, kiwe kibaya kwa marehemu, unambie vyo hivyo kilivyo. Kwa ahadi hiyo nakupa."

"Nimekubali."

"Haya piteni ndani. Jua kali hilo."

Kazi ya kuifungua mashua ilifanywa pale pale Makoongwe, jioni baada ya kazi na siku za Ijumaa baada ya sala, kwa sababu Mzee Mbarouk alikataa isiletwe kiwandani. Alisema kiwanda chake kinatengeneza vyombo vilo hai. Hamad aliondosha matope, akawafukuza kaa, akaanza upande wa kulia. Kalafati yake ya miaka mitano nyuma ilikuwa ngumu hata patasi inaruka. Nilimwona akitabasamu, nikadhani tumemaliza. Tukageukia upande wa kushoto, ule uliogonga. Mbao tatu za chini hazikuwapo kabisa. Zilichukuliwa na mwamba siku ile, au zilichukuliwa na maji katika miaka ile, Mungu ndiye ajuaye. Na kama maji yaliingia kwanza, yaliingia hapo.

Hamad alizitafuta. Maji yakitoka, aliingia mikokoni, matope mpaka magotini, anapapasa chini ya mizizi. Alipata vipande vya mti vilivyolainika kama mkate uliorowekwa, visivyosema lolote.

Mzee Mbarouk alivuka siku moja kuja kuona fundi wake anapotelea wapi kila jioni. Aliugonga upande wa kulia, akautazama ule wa kushoto ulio wazi, akafahamu bila ya kuelezwa.

"Mwambie ni mwamba," akasema. "Kulia kalafati yako jiwe. Na kushoto ilikuwa vyo hivyo hivyo. Mwambie mwamba, Hamad, umalize. Jina lako lirudi, na la kiwanda. Nani atakukanusha?"

"Hapana wa kunikanusha," Hamad akasema.

"Basi kitu gani kinakuzuia?"

"Hicho hicho, Mzee. Kwamba hapana."

Mzee Mbarouk akaondoka akitikisa kichwa. Hamad akaanza kutembea. Aliishika pwani yote ya upande ule, akaenda mpaka mwisho, akarudi, akaenda tena. Mimi nilikaa juu ya mkuku nikamngoja, na nakiri sikujua atarudi na jibu gani. Mtu aliyebeba lawama miaka mitano amepewa njia ya kuitua, na anayemwambia aitue ni bwana wake, na huenda ikawa ni kweli. Aliporudi mara ya mwisho hakusimama kwangu. Alipita moja kwa moja kwenda barazani kwa Bi Mwanakhamis, nikamfuata mbio.

"Bi Mwanakhamis, nimetazama kote," akasema. "Kulia kuzima. Kushoto mbao zenyewe hazipo. Sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Na sidhani kama ntajua."

Bibi alivuta nyuzi za makumbi, akazipima baina ya vidole, akazirejesha pahala pake.

"Tangu afe Kificho," akasema, "kila anokaa hapa anajua. Huyu anajua ni mwamba. Yule anajua ni kalafati. Mwengine anajua ni hasadi ya watu. Wewe ulo na haja ya kujua kuliko wote, ndo umekuja kunambia hujui." Akaokota kamba yake. "Itengeneze."

Kusema ni rahisi. Misumari haikupatikana kisiwani, si kwa urafiki wala kwa kuomba. Mbao za mfenesi Hamad alizipata Wingwi, kwa jamaa zake, na zikaja na gari la ng'ombe kwa njia mbovu mpaka nikadhani zitafika unga. Misumari ndiyo iliyotushinda. Ndipo Hamad alipokumbuka kwamba utotoni kwao Shumba kulikuwa na kidau kimoja cha zamani, kizee, kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari. Alikumbuka kilivyoonekana. Hakukumbuka kilivyoshonwa. Kwa Hamad haya mawili hayakuwa na tofauti, na kesho yake akatoboa mbao.

Bi Mwanakhamis na jirani zake walisokota kamba nyembamba za makumbi, ngumu kama waya. Zile mbao tatu zikashonwa. Mashua ikasukumwa majini, kisiwa kizima kinatazama, ikaelea muda wa mtu kusema alhamdulillahi, kisha ikajaa ikakaa chini taratibu kama bibi anayekaa mkekani. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hamad alikuwa ndani yake, maji yamefika kiunoni, anapapasa mishono. Matundu aliyatoboa karibu mno na ukingo, ubao ukachanika. Akasema kwa sauti, kama anayezungumza na ubao, "Basi mbali kidogo." Na akaanza upya Ijumaa iliyofuata.

Mara ya pili alitoboa mbali na ukingo, na kila tundu, baada ya kamba kupita, akalizibia kijiti cha mkoko. Mshono ukashika. Lakini hakuuamini peke yake kubeba mawimbi ya nje, na akawa hana la kufanya ila kuzunguka. Ndipo Mzee Mbarouk alipokuja Makoongwe mara ya pili, amebebesha mtu kikapu cha misumari ya zamani aliyoing'oa kwenye mabovu ya kiwanda chote, yote imepinda. Akaitua mbele ya Hamad. "Inyoshe mwenyewe," akasema. Tulimwuliza baadaye kilichombadilisha moyo. Alisema muhogo umemshinda.

Hivyo ndivyo Mpewa Hapokonyeki ilivyo leo: upande mmoja wa msumari, na upande mwengine kamba na msumari pamoja. Hapana chombo kama hicho Pemba nzima, na fundi yeyote akikiona hukizunguka mara mbili kabla ya kusema neno.

Mwanzo wa mwaka 1944 ilikuwa tayari, na hapana aliyetaka kuipanda. Watu wa Makoongwe walikuwa na njaa, lakini walikuwa na kumbukumbu pia. Aliyejitokeza ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: Matano. Alisimama pwani mbele ya watu akasema, "Mie ntashika msukani. Lakini alotia kalafati naye apande."

Watu wakamtazama Hamad. Lazima niseme kwamba Hamad, pamoja na umri wote aliofanya kazi ya vyombo, si mtu wa bahari. Bahari kwake ni kitu cha kuzuiwa kisiingie. Kuvuka Makoongwe tu hushika ngarawa kwa mikono miwili. Alivua kikoi chake cha kazi, akakifunga upya kwa nguvu zaidi, akapanda. Wengine watatu wakapanda baada yake kwa haya.

Sikuwamo safarini. Haya nayasema kama nilivyoyasikia kwa Hamad na kwa Matano, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakuhitilafiana.

Wale watatu walikuwa mbele na tanga. Matano alikuwa nyuma na msukani. Hamad alikuwa amepiga magoti katikati, anafua maji, anayachota na kuyamwaga nje bila ya kupumzika, kwa sababu mashua ilikuwa ikivuja.

"Inaingia," Matano akasema.

"Inakunywa," Hamad akasema. "Mbao mpya lazima zinywe mpaka zivimbe. Ukitaka kurudi, rudi. Nahodha wewe."

Matano hakurudi. Walipoanza kuukaribia mwamba uliomuua Kificho, Matano akaita kwa sauti ndogo.

"Hamad."

"Naam."

"Siku ile nilikuwa nimelala."

Mkono wa Hamad ukasita, maji yanamwagika miguuni pake.

"Nililala juu ya nyavu, nimechoka," Matano akasema. "Nilipozindukana maji yako kifuani, mlingoti ushaanguka. Nahodha kafa, nami nimelala ubavuni pake. Watu waliponiuliza msibani niliona haya. Nikasema la mwanzo lilonijia mdomoni."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui."

Matano alinambia kwamba wakati ule alingoja apigwe na kile chombo cha kufulia maji, na kwamba asingelijikinga. Nilipomwuliza Hamad mwenyewe alifikiri nini, alisema alifikiri mambo mengi, na mengine si ya kuandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Lakini mbele yao palikuwa na mawimbi yanavunjika.

"Shika msukani vizuri, yakhe," akasema. "Mwamba huo."

Na akainama, akaendelea kufua maji.

Waliupita. Wakatoka nje, kwenye maji meusi, wakatupa nyavu. Waliporudi, mashua ilikuwa nzito kwa nguru hata maandishi ya ubavuni yanagusa maji. Siku ile Makoongwe wakapika kitu kilichotoa harufu mpaka kwetu ng'ambo, na Mzee Mbarouk akapelekewa kichwa cha nguru akakila peke yake, mlango umefungwa.

Matano hakungoja samaki washushwe. Alikwenda na nguo zake mbichi mpaka barazani kwa Bi Mwanakhamis, na Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama akayasema yale yale mbele ya kisiwa kizima. Alichojibiwa na Bi Mwanakhamis siku ile ni chake. Sisi tunachokijua ni kwamba mashua ni ya bibi yule, na nahodha wake mpaka leo ni Matano.

Katika miaka ya njaa iliyobakia, Mpewa Hapokonyeki ililisha Makoongwe, ikatuletea na sisi Mkoani. Vyombo vya Makoongwe vilirudi kwa Hamad kimoja kimoja, wenyewe wakitazama pembeni kwa adabu ile ile. Alivipokea vyote, akavikosoa vyote. Wapo mafundi watano wa kalafati kiwandani hapa waliofunzwa na yeye, na kila mmoja anaweza kuwasimulia siku aliyoamriwa kuing'oa pamba yote ya siku nzima kwa sababu ya shubiri moja.

Mtadhani kwamba baada ya maneno ya Matano, Hamad alipata raha. Na mimi nilidhani hivyo. Nilimwuliza. Alisema zamani kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwamo chomboni, akisema anajua, hata kama ni uongo. Sasa hapana hata mmoja. Mara nyengine, alisema, huamka akamtaka Kificho amjibu, wagombane kidogo, kisha yaishe. Hayo nayaandika kwa idhini yake, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa leo akidhani tunamuaga mtu aliyemaliza kila kitu.

Anaondoka kwa sababu bega la kulia limekataa nyundo. Daktari alimwambia apumzike, naye akamwuliza daktari apumzike afanye nini. Yeye na Bi Tatu wanarudi Shumba Viamboni, kwenye shamba la minazi la baba yake, na jirani zake wa huko tunawapa pole mapema.

Juzi nilimsomea maneno haya aone kama nimekosea. Aliyasikiliza yote huku anazunguka stoo. Alinizuia pahala pamoja tu, kwenye ile safari ya kwanza, kwani mimi nilikuwa nimeandika kwamba mashua ilirudi kavu kama ilivyoondoka. "Ilivuja," akasema. "Andika ilivuja." Nimeandika.

Fundi Hamad, tunakushukuru kwa kila ubao uliougonga na maji yote uliyoyazuia. Mwezi ujao Mpewa Hapokonyeki inapanda pwani kutiwa kalafati na kupakwa deheni, na mara hii mikono itakuwa yetu. Bega likikuruhusu, na hata lisipokuruhusu, njoo ututie makosa. Mungu akupe wewe na Bi Tatu umri wenye afya, kitoweo kisichokatika, na majirani wenye subira. Nenda salama, Fundi. Pwani hii ni yako.

Jaribu Mwalim, mtunza stoo,
kwa niaba ya wenzako wote wa Kiwanda cha Vyombo cha Mkoani